Kutoka Pumzi hadi Nguvu: Historia ya Kulifasiri Neno "Prana"

Atakayefungua kitabu cha siku hizi kinachofundisha yoga, kiwe cha Kifaransa, cha Kiingereza au cha Kijerumani, hatakosa kukuta humo neno la Kisanskriti prana, na kando yake tafsiri yake: "nguvu ya uhai". Msomaji huelezwa kwamba Wahindi tangu zama za kale walijua kuwa mwili wa binadamu hupitiwa na mkondo wa nguvu usioonekana, unaofanana na mkondo wa umeme ndani ya waya, na kwamba Wachina nao waliujua mkondo huohuo wakauita qi. Maelezo hayo yamerudiwa mara nyingi hata yamekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo ina historia yake, tena historia isiyo ndefu. Ilipata sura yake katika karne ya 19, wakati wa injini za mvuke na nyaya za simu, na wafasiri waliotangulia, hasa waliofasiri kwa Kiarabu, walikuwa wamefuata njia nyingine kabisa.

Suala hili latuhusu sisi wa Kongo kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili chetu hakina budi kuwa na neno la kulifasiria prana, na kila neno tutakalochagua litabeba ndani yake nadharia fulani. Pili, mwaka 1945, hapa Katanga, kilichapwa kitabu kilichowaambia Wabantu kwamba falsafa yao yote imejengwa juu ya "nguvu ya uhai". Ni ajabu kidogo kwamba watu wa Bara Hindi, wa Uchina na wa Katanga, walioishi mbali kiasi hicho, wote wakaja kuambiwa neno moja na watu wa bara moja. Ajabu hiyo yastahili kuchunguzwa.

Tuanze na neno lenyewe. Prana limeundwa kwa kiambishi pra, kinachoonyesha kwenda mbele au kutoka, na mzizi an, wenye maana ya kupumua. Maana yake ya kwanza basi ni pumzi. Katika Rigveda, mkusanyo wa kale kuliko yote wa nyimbo za Kisanskriti, ambao wataalamu huuweka kati ya mwaka 1500 na 1000 hivi kabla ya Kristo, wimbo mmoja wa kitabu cha kumi wasimulia jinsi ulimwengu ulivyotokana na mwili wa mtu mkuu aliyetolewa sadaka: upepo ulizaliwa kutoka pumzi yake, kama vile jua lilivyotokana na jicho lake. Katika Atharvaveda, kitabu cha 11, umo wimbo mzima unaoisifu Prana kama bwana wa vitu vyote, anayenguruma katika mawingu na kunyesha mvua juu ya mimea. Hapo pumzi imekwisha kupanuka kupita kifua cha mtu mmoja. Lakini bado ni pumzi na upepo, kitu chenye sauti na unyevu.

Mahali penye utajiri zaidi ni katika Upanishadi mbili za kale, Brihadaranyaka na Chandogya, zilizotungwa karibu na karne ya saba au ya sita kabla ya Kristo. Zote mbili zinasimulia hadithi moja, na inafaa tuisimulie hapa kwa maneno yetu, maana ndani yake mna fundisho zima. Viungo vya uhai viligombana, kila kimoja kikijidai kuwa bora kuliko vingine. Vikamwendea baba yao ili awaamue. Naye hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba mkubwa ni yule ambaye akiondoka, mwili utabaki katika hali mbaya kupita zote. Basi Usemi ukaondoka, ukakaa ugenini mwaka mzima. Uliporudi uliwauliza wenzake wamewezaje kuishi, wakajibu kuwa wameishi kama bubu wanavyoishi: hawasemi, lakini wanapumua, wanaona, wanasikia na kuwaza. Likaondoka Jicho, na mwaka ulipotimia likakuta wenzake wameishi kama vipofu. Likaondoka Sikio, wakaishi kama viziwi. Ikaondoka Akili, wakaishi kama watoto wachanga. Kisha ikawa zamu ya Pumzi. Ilipoinuka tu kutaka kwenda, ikaving'oa vile vingine vyote pamoja nayo, kama farasi mwenye nguvu anavyong'oa vigingi alivyofungwa. Vikamsihi kwa pamoja: Bwana, usitoke, wewe ndiwe mkubwa wetu.

Aliyekua akisikiliza hadithi za jioni katika vijiji vyetu atatambua mara moja umbo la hadithi hii: ni baraza, kuna mashtaka, kuna mwamuzi, na hukumu inatolewa kwa jaribio. Tuangalie sasa neno linavyotumika. Mwishoni Upanishadi ya Chandogya yasema kwamba ndiyo sababu watu hawaviiti viungo hivi vyote "semi" wala "macho" wala "masikio" wala "akili", bali huviita "prana" kwa wingi, kwa kuwa hiyo moja ndiyo hizo zote. Pumzi ni mkubwa wa nyumba ambaye jina lake limekuwa jina la ukoo. Hatuoni hapa kitu kinachofanana na akiba ya nguvu inayojazwa na kupungua, inayopitishwa kutoka chombo hadi chombo. Tunaona uhusiano wa enzi na utegemezi: wengine wote wanaishi kwa sababu mmoja hajaondoka.

Kisanskriti hakikukosa maneno ya nguvu. Kinayo bala, yaani nguvu za mwili au za jeshi. Kinayo shakti, yaani uwezo, ambalo katika madhehebu ya Tantra limekuwa jina la mungu wa kike. Kinayo hata hatha, lenye maana ya kushurutisha, na ndilo lililotoa jina la hatha yoga. Watunzi wa Upanishadi walipotaka kusema pumzi walisema pumzi. Jambo hili ni dogo kwa sura, lakini wafasiri wengi wamelipita bila kusimama.

Pumzi hiyo baadaye iligawanywa katika pepo tano: prana yenyewe, apana ishukayo, samana isawazishayo chakula tumboni, udana ipandayo kooni, na vyana ieneayo mwilini kote. Waganga wa Ayurveda waliupokea mgawanyo huo. Njia za kupitia pepo hizo zilihesabiwa pia: Chandogya yasema mishipa ya moyo ni 101, na mmoja wao wapanda hadi kichwani, Brihadaranyaka yataja mishipa 72,000, hesabu ambayo vitabu vya yoga vya baadaye vilikuja kuirudia bila kuchoka.

Yoga ya Patanjali, iliyoandikwa karibu na karne ya nne baada ya Kristo, yaweka pranayama, yaani kuitawala pumzi, kuwa hatua ya nne kati ya nane. Patanjali anaitaja kwa ufupi sana: ni kukata mwendo wa kuvuta na kutoa pumzi baada ya mtu kukaa imara. Wanaotafuta mikondo, vituo na nyoka aliyejiviringisha hawatavipata katika sehemu hiyo. Vitu hivyo vilikuja na vitabu vya hatha yoga, ambavyo cha kwanza kinachojulikana kwetu ni Amritasiddhi cha karne ya 11. Utafiti wa miaka hii ya karibuni, hasa wa Mwingereza James Mallinson, umeonyesha kwamba kitabu hicho kilitoka katika mazingira ya Wabudha wa Tantra, jambo lililowashangaza wengi waliodhani hatha yoga ni ya Wahindu watupu. Fundisho lake ni kwamba pumzi, akili na mbegu ya uzazi ni vitu vitatu vilivyofungwa pamoja: ukikizuia kimoja, viwili vingine husimama. Katika karne ya 15 Svatmarama alikusanya mafundisho ya namna hiyo katika Hathapradipika, kitabu kilichopata kuwa mashuhuri kuliko vyote. Humo pumzi yasukumwa iingie katika njia ya katikati, nayo inamwamsha Kundalini, ambaye ni shakti. Tukubali kwa haki kwamba hapo prana na shakti zimekaribiana sana, na kwamba Wahindi wa karne ya 19 waliosema "nguvu" hawakulizua jambo pasipo mbegu yoyote. Hata hivyo kazi inayoelezwa katika Hathapradipika ni ya mapafu, ya koo na ya misuli ya tumbo. Mwanafunzi anafundishwa kufunga pua kwa kidole, na kuonywa kwamba pumzi ifugwe polepole kama wanyama wakali wanavyofugwa, la sivyo itamuua.

Sasa tufike kwa wafasiri. Wa kwanza tunayemjua vizuri ni Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 na aliyekwenda Bara Hindi katika enzi ya Mahmud wa Ghazna. Alikifasiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu, akakipanga upya katika umbo la maswali na majibu ili Waislamu wasomi wakielewe. Baada yake kikaja kitabu kingine ambacho historia yake ni ya kupendeza zaidi. Kilikuwa kitabu cha hatha yoga kiitwacho Amritakunda, yaani kisima cha maji ya uzima, na kwa Kiarabu kikaitwa Hawd ma' al-hayat, maana yake ileile. Dibaji yake yasimulia kwamba mchawi wa Kibrahmani kutoka Kamarupa alifika Lakhnauti, huko Bengali, mwanzoni mwa karne ya 13, akajadiliana na kadhi wa mji, akashindwa, akasilimu, kisha akamfunulia kadhi kitabu chake. Carl Ernst, mtaalamu aliyekichunguza kwa miaka mingi, haamini kwamba mambo yalikwenda hivyo hasa, naye aiweka tafsiri tuliyo nayo baadaye zaidi. Lakini kitabu kilienea. Katikati ya karne ya 16 Muhammad Ghawth wa Gwalior, shehe wa tarika ya Shattariya, alikipanua kwa Kiajemi kwa jina la Bahr al-hayat, bahari ya uzima; na nakala yenye picha za wayogi, iliyotengenezwa karibu na mwaka 1600 kwa ajili ya mwana wa mfalme Salim, imehifadhiwa hadi leo mjini Dublin.

Mfasiri wa Kiarabu alifanya kazi kwa ujasiri. Wakuu wa wayogi aliwapa majina ya mitume: Gorakhnath akawa Khidri, na Matsyendranath, ambaye jina lake la maana ya bwana wa samaki lilimsaidia sana, akawa Yunus. Tunaweza kucheka, lakini huo ni ufasiri hasa, wa mtu anayetaka wasomaji wake wajione wako nyumbani. Alipofika kwenye pumzi hakuhitaji hila yoyote, kwa sababu Kiarabu kilikuwa kimemwandalia nafas, pumzi, iliyo ndugu wa nafs, nafsi. Na ruh, roho, iliyo ndugu wa rih, upepo. Wafuasi wa tarika tayari walizoea kuhesabu na kutunza pumzi katika dhikiri zao. Katika karne ya 19 Muhammad al-Sanusi, mwanzilishi wa tarika ya Sanusiya huko Libya, alizitaja bado mbinu za wayogi katika kitabu chake juu ya tarika mbalimbali. Kwa hiyo mafundisho ya pumzi ya Kihindi yalikwisha kufika Afrika, yakiwa yamevaa kanzu, wakati Ulaya haijaanza kuyatafuta.

Kiswahili kimerithi maneno hayo yote. Roho, nafsi na nafasi ni ya Kiarabu, na nafasi, ambayo kwetu sasa ni mahali pa kukaa au wasaa wa kufanya jambo, kwa asili ni pumzi: mwenye nafasi ni mwenye pa kupumulia. Pumzi lenyewe ni neno la Kibantu, nalo lina jamaa yake, pumua, pumzika, pumziko. Mswahili afapo hukata roho. Mfasiri wa Kiswahili basi anarithi ghala mbili zilizojaa, na haoni dharura ya kwenda kukopa katika ya tatu. Hata hivyo tumeona maandishi ambamo prana imefasiriwa "nishati", neno ambalo Kiswahili sanifu kimeliweka kwa ajili ya fizikia, kwa ajili ya petroli, makaa na mabwawa ya umeme. Ili kuelewa neno hilo lilivyoingia hapo yatupasa kwenda Ulaya.

Upanishadi zilifika Ulaya kwa njia ya mzunguko. Mwaka 1657 Dara Shikoh, mwana wa mfalme wa Wamoghuli, alifasirisha hamsini kati yake kwa Kiajemi. Miaka miwili baadaye nduguye Aurangzeb alimwua. Mfaransa Anquetil-Duperron aliigeuza tafsiri hiyo ya Kiajemi kuwa Kilatini, akaichapa mwaka 1801 na 1802. Ulaya iliyoipokea ilikuwa na vitu vyake kichwani. Daktari Mesmer alikuwa amekwisha kufundisha mjini Paris kwamba kuna majimaji yasiyoonekana yanayopita katika miili yote, na kwamba ugonjwa ni kuzibika kwake; na ingawa tume ya mwaka 1784, iliyokuwa na Franklin na Lavoisier, iliamua kwamba majimaji hayo hayapo, waumini wake hawakuisha. Mnamo mwaka 1847 Helmholtz alichapa maelezo yake juu ya kuhifadhika kwa nguvu: joto, mwendo, umeme na mwanga ni sura mbalimbali za kitu kimoja kisichoongezeka wala kupungua. Juu ya hayo wanafizikia walidhani kwamba anga zote zimejaa kitu chepesi kiitwacho etha, kinachobeba mawimbi ya mwanga. Mtu mwenye mambo hayo matatu akilini, majimaji ya Mesmer, nguvu ya Helmholtz na etha, akisoma kwamba prana ipo katika vitu vyote na hupita katika mishipa 72,000, atafikiri nini?

Alifikiri alivyofikiri. Chama cha Teosofia, kilichoanzishwa New York mwaka 1875 na baadaye kuhamia karibu na Madras, kilikuwa daraja kubwa la fikra hizo. Mwaka 1890 Mhindi mwanachama, Rama Prasad, alichapa kitabu juu ya elimu ya pumzi ambamo prana na tattva zinaelezwa kwa lugha ya etha na mitetemo. Lakini aliyeipa tafsiri hiyo mamlaka ni Swami Vivekananda. Alikuwa Mbengali, mwanafunzi wa Ramakrishna, aliyesoma vyuo vya Kiingereza mjini Calcutta na aliyejipatia sifa katika mkutano wa dini mjini Chicago mwezi wa Septemba 1893. Kitabu chake Raja Yoga, kilichotokana na masomo aliyoyatoa New York, kilitoka mwaka 1896. Humo anakanusha waziwazi kwamba prana ni pumzi. Prana, asema, ni jumla ya nguvu zote za ulimwengu: ndiyo mvutano, ndiyo mwendo, ndiyo fikra, pumzi ni ishara yake tu, iliyo rahisi kuishika. Na mfano anaoutoa ni wa kiwanda: kupumua ni kama lile gurudumu kubwa la mashine linaloanza kuzunguka kwanza, kisha mwendo wake hupita kwenye sehemu ndogo zaidi na zaidi za ndani. Tumetoka kwa farasi na vigingi vyake tumeingia katika karakana.

Katika barua yake ya tarehe 13 Februari 1896 Vivekananda alieleza kwamba amekutana na Nikola Tesla, yule mvumbuzi wa mitambo ya umeme, na kwamba Tesla alifurahishwa na mafundisho ya prana na akasha, akadhani ataweza kuonyesha kwa hesabu kuwa nguvu na maada zaweza kurudishwa kwenye asili moja. Hesabu hiyo haikupata kuchapwa na Tesla. Na mwaka 1905 Einstein alionyesha kwamba fizikia yaweza kuendelea bila etha, hata kitu ambacho akasha ililinganishwa nacho kikatoweka katika sayansi, kikabaki katika vitabu vya yoga.

Isidhaniwe kwamba tunamshutumu Vivekananda. Alikuwa mtu wa nchi iliyotawaliwa, akisema mbele ya wale waliowaona Wahindi kuwa waabudu sanamu wasio na elimu, naye alichukua neno lililoheshimiwa kuliko yote katika elimu ya watawala akasema: sisi tulikuwa nalo. Ilikuwa silaha nzuri. Ila silaha hiyo ilikuwa na gharama, maana tangu hapo prana ilipaswa kujibu mbele ya vipimo. Swami Kuvalayananda, aliyefungua kituo cha utafiti cha Kaivalyadhama huko Lonavla mwaka 1924, alikuwa mkweli kiasi cha kuyakubali matokeo. Alitumia eksirei na vyombo vya kupimia kanieneo ya hewa tumboni wakati yogi anapofanya mazoezi ya kuvuta misuli ya tumbo. Aligundua kwamba katika zoezi la nauli kanieneo ndani ya utumbo hushuka chini ya ile ya nje, na hivyo ndivyo wayogi walivyoweza kuvuta maji ndani bila bomba. Hayo ni maarifa ya kweli na mazuri. Lakini ni maarifa ya hewa na misuli, yaani ya kile ambacho Hathapradipika ilikisema, na si ya ile nguvu ya ulimwengu ya New York.

Kwa upande wa Uchina tutasema machache. Herufi ya kale ya qi yaonyesha alama ya mvuke juu ya alama ya mchele. Zhuangzi aliandika kwamba uhai ni kukusanyika kwa qi na mauti ni kutawanyika kwake. Katika kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo na kufukuliwa mwaka 1973, ilipatikana hariri yenye picha za watu 44 wakifanya mazoezi ya kunyosha mwili na kuongoza pumzi. Aliyefanya qi iitwe "énergie" kwa wasomaji wa Kifaransa ni hasa George Soulié de Morant, aliyekuwa balozi mdogo huko Uchina, katika maandishi yake juu ya uganga wa sindano ya miaka ya 1930. Mjerumani Paul Unschuld, aliyevifasiri vitabu vya kale vya uganga wa Kichina, ameipinga tafsiri hiyo kwa nguvu, naye Joseph Needham aliona heri kuliacha neno bila kulifasiri kabisa.

Na Katanga? Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, akakaa miaka mingi kati ya Baluba. Kitabu chake, kilichoandikwa kwa Kiholanzi na kufasiriwa kwa Kifaransa na A. Rubbens, kilitoka Elisabethville mwaka 1945 kwa jina la La philosophie bantoue. Fundisho lake lajulikana: kwa Muntu, kuwa ni kuwa na nguvu, na nguvu hiyo huongezeka na kupungua, hupokewa kutoka kwa wakubwa na wahenga, hudhuriwa na wachawi. Tempels alisikiliza vizuri. Aliyaona hayo katika salamu, katika sala na katika uganga. Lakini neno alilochagua, "force vitale", alilikuta tayari katika Ulaya ya Bergson, ambaye kitabu chake juu ya mageuko yenye kuumba kilitoka mwaka 1907, na katika Ulaya ambayo tangu Codrington alipoandika juu ya mana ya Wamelanesia mwaka 1891 ilikuwa ikitafuta nguvu ya namna hiyo kwa kila taifa lililotawaliwa. Césaire alimshambulia mwaka 1950 kwa sababu za siasa. Kagame mwaka 1956 alirudi kwenye sarufi ya Kinyarwanda na kugawa vilivyopo katika umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Hountondji na Mudimbe waliuliza ni nani hasa aliyekuwa akisema ndani ya kitabu kile. Maswali yao tungependa yaulizwe pia juu ya prana.

Lakini kuna jambo moja ambalo wahakiki hao wa Kifaransa hawakulitazama sana, nalo ni la lugha yetu. Tangu mwaka 1953 Tempels alikuwa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa Union Minière huko Musonoi, na hapo ndipo ilipozaliwa Jamaa. Mafundisho ya Jamaa yalitolewa kwa Kiswahili cha Katanga, na wenye kuyatunga na kuyarudia hawakuwa wasomaji wa Bergson bali wachimba migodi na wake zao. Johannes Fabian, aliyeyachunguza katika miaka ya 1960 na kuchapa kitabu chake mwaka 1971, alikuta kwamba nguzo zake ni maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Nguvu haimo kati ya hayo matatu. Pale ambapo Kifaransa cha Tempels kilikuwa na "force", Kiswahili cha kambi kiliweka uzima, neno ambalo ni uhai, ni afya, ni utu uzima, na tena ni hali ya kitu kisichovunjika wala kupungukiwa. Halipimwi kwa kiasi. Mtu huwa nalo pamoja na mwenzake, mume na mke, padre na wakristo wake. Padre mwenyewe alirudi Ubelgiji mwaka 1962, akafariki huko mwaka 1977.

Tukimlinganisha mfasiri wa Hawd al-hayat na watu wa Musonoi, tunaona kwamba wote wawili walipopewa fundisho la kigeni juu ya uhai waliligeuza kwa neno walilokuwa wakilitumia kila siku, mmoja katika dhikiri, wengine katika salamu ya asubuhi, wanapoulizana: uko muzima? Kwa Upanishadi tungependekeza pumzi, nayo isimame hata pale inapoonekana kuwa nyembamba, kwa kuwa hadithi ya viungo vilivyogombana haiendi bila hiyo. Kwa vitabu vya Tantra, ambamo pumzi na shakti zimeungana, uzima unaweza kufaa, pamoja na maelezo. Nishati iachiwe Vivekananda na wafuasi wake, ambao ndio waliyoitaka. Na mfasiri wa Raja Yoga akiitumia atakuwa ameifasiri sawasawa.